Sheikh al-Amin bin Ali na Khabari za Wazee Wake

Mara hii tumekusudia kueleza maisha ya Sheikh al-Amin bin Ali bin Abdallah bin Nafi al-Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina hili si geni kwenu. Wazee wamtaja kwa ukadhi wake, na wanafunzi wamjua kwa gazeti lake na vitabu vyake. Lakini iko kazi yake moja ambayo hutajwa kwa uchache, nayo ni kuzitafuta na kuziandika khabari za wazee wake waliotawala mji huu wa Mvita. Hiyo ndiyo tutakayoikalia zaidi leo, kwani katika kikao chetu kilichopita liliulizwa suala: je, yafaa Muislamu kushughulika na kufukua khabari za babu zake, au huko ndiko kule kujifakhiri kwa nasaba kulikokatazwa? Aliyeuliza ni kijana aliyerithi kasha la babu yake lililojaa makaratasi, naye hajui alifanyeje. Nikaona kuwa jawabu lililo bora kuliko maneno yangu ni maisha ya mtu huyu.

Sheikh al-Amin alizaliwa Mvita mwaka 1891. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikufa mwaka 1894, na mwanawe hajatimia hata miaka minne. Mtoto wa umri huo hamjui babake. Aliyokuja kumjua nayo baadaye ni maandishi aliyoyaacha na maneno ya watu waliosoma kwake au waliomuona. Basi kabla hajawa mwanachuoni wala kadhi, Sheikh al-Amin alikwisha kuwa mtu mwenye haja ya kumtafuta mzee wake kwa njia mbili hizi, karatasi na ndimi za watu, wala hakuwa na njia ya tatu.

Na mzee mwenyewe hakuwa mtu wa khabari nyepesi. Sheikh Ali alizaliwa mwaka 1825, akasoma Makka, akarudi Mvita akawa katika wanavyuoni wakubwa wa pwani. Wamazrui asili yao ni watu wa Oman, na wazee wao wa mwanzo walikuwa Maibadhi. Yeye akawa Mshafii, na watu wengine wakafuata njia hiyo kwa sababu ya darsa zake. Jambo hilo lilimuudhi Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, akamfunga. Alikaa kifungoni mpaka Sayyid Barghash akafa mwaka 1888, ndipo akafunguliwa. Sasa fikirini, ndugu zangu, khabari kama hii ikisimuliwa barazani huwaje. Kwa watu wa nyumba yake, mzee ni shujaa aliyedhulumiwa. Kwa watu wa upande wa pili, ni mwenye kuwafitini raia na mtawala wao. Mtoto yatima hukuzwa katikati ya masimulizi ya namna hii, na mara nyingi hushika lile linalompendeza, akaliacha la pili. Kulisikia la pili na kulipima ni kazi nzito, na wengi wetu hatuiwezi hata tukiwa na mvi.

Baada ya kufiwa, alilelewa na kusomeshwa na Sheikh Sulaiman bin Ali bin Khamis al-Mazrui, jamaa yake, aliyekuwa mwanachuoni na kadhi. Kisha alisoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, mabahari wawili wa ilimu waliokufa wote wawili mwaka 1925. Hapana haja ya kurefusha hapa. Kila aliyesoma kwa njia yetu ajua anayoyapata mwanafunzi kwa masheikh kama hao: fiqhi, nahau, tafsiri na hadithi. Nataka mshike hiyo ya mwisho, hadithi. Kwani mwenye kusoma hadithi hufunzwa jambo ambalo wasimulizi wa mabarazani hawalijui, nalo ni kuuliza khabari hii imetoka kwa nani, na huyo aliipata kwa nani, na je, aliwahi kukutana naye, na ana sababu gani ya kuongeza au kupunguza.

Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi ya kila wiki kwa Kiswahili aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 likafuata gazeti la al-Islah. Humo aliwalaumu Waislamu wa pwani kwa kuiacha ilimu, kwa israfu za arusi na matanga, na kwa kuiga mambo ya Wazungu yasiyo na faida wakayaacha yenye faida. Baadhi ya makala hayo yalikusanywa katika kitabu chake Uwongozi. Mwaka huo wa 1932 akawa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichobaki nacho mpaka kufa kwake.

Hapa ndipo linapokuja lile suala la kijana wetu. Mtu ambaye kalamu yake ilikuwa ikiwaamsha watu waache kulala juu ya sifa zilizopita, amekujaje yeye kuandika khabari za ukoo wake uliotawala? Je, hiyo siyo fakhari?

Ukoo huu ulishika uliwali wa Mvita katika karne ya kumi na nane, kwa niaba ya wafalme wa Oman wa kabila la Yaariba. Ufalme ulipotoka kwa Yaariba ukaingia kwa Ahmad bin Said al-Busaidi katika miaka ya 1740, liwali wa Mvita, Muhammad bin Uthman al-Mazrui, alikataa kumtii, akauawa kwa hila. Nduguye, Ali bin Uthman, akafungwa, akatoroka, akaitwaa Ngome kwa nguvu. Tangu hapo Wamazrui wakatawala kwa amri yao wenyewe, na mkono wao ukafika Pemba na sehemu kubwa ya mrima, mpaka mwaka 1837. Kiasi cha mwaka 1812 walipigana na watu wa Lamu huko Shela pamoja na wenzao wa Pate, wakashindwa vibaya. Mwaka 1824 walipandisha bendera ya Kiingereza kwa mkono wa Kapteni Owen, wakitaraji kujikinga na Sayyid Said, na mwaka 1826 Waingereza wakaiteremsha wakaenda zao.

Mwisho wake mwajua. Salim bin Ahmad alipokufa mwaka 1835, jamaa wenyewe wakagawanyika, na baadhi ya wakubwa wa mji wakaelekea kwa Sayyid Said. Mwaka 1837 mji ukawa wake. Kisha wakubwa wa ukoo wakakamatwa kwa hila, wakatiwa chomboni, wakapelekwa Bandar Abbas, na huko wakafia. Waliosalia wakatawanyika, wengine Takaungu, wengine Gazi.

Mwaka huo Sheikh Ali, babake mwandishi wetu, alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Basi jambo hili halikuwa tarehe ya kale kwa watu wa nyumba ile. Lilikuwa jeraha la jana. Na nyumba inapovunjwa namna hiyo, karatasi nazo huvunjika pamoja nayo. Barua zilizokuwa katika Ngome huwa mikononi mwa aliyeitwaa. Hati za mashamba hubebwa na mjane ndani ya kitambaa mpaka kwa ndugu zake. Wasia hubaki kwa kadhi aliyekwisha kufa. Nasaba hubaki imeandikwa katika karatasi tupu ya mwisho ya msahafu, na msahafu umerithiwa na binti aliyeolewa mbali. Mwenye kutaka kuzikusanya hana budi kupiga hodi nyumba kwa nyumba, na kila anapopiga hodi hupewa karatasi moja na hadithi kumi.

Sheikh al-Amin alizikusanya, zile za maandishi na zile za mapokezi ya midomo, akazitungia kitabu kwa lugha ya Kiarabu. Nami naona kuwa iliyomhifadhi na fakhari ni ile kazi yake ya ukadhi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, ushahidi wa mwana kwa kumnufaisha babake au babu yake haukubaliwi, kwa sababu ya tuhuma ya mapenzi. Lakini ushahidi wake dhidi yao wakubaliwa. Hii ni hukumu ambayo kadhi aitumia kila siku. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, ametuamrisha tusimamishe ushahidi wa haki hata kama ni juu ya nafsi zetu au wazee wetu na jamaa zetu. Basi mtu anayekaa kwenye kiti cha hukumu asubuhi akimrudisha shahidi kwa kuwa ni mwana wa mdai, hawezi jioni kukaa na kalamu yake akasahau kuwa yeye mwenyewe ni mwana wa wale anaowaandika.

Na khabari za ukoo huo hazimpi mwana njia ya kukwepa. Ali bin Uthman, yule shujaa aliyetoka kifungoni akaitwaa Ngome, hakuuawa na adui. Aliuawa Unguja katika miaka ya 1750, mji ukikaribia kuangukia mikononi mwake, na aliyemuua ni mtu wa ukoo wake mwenyewe. Ushindi ukapotea kwa kisu kimoja. Mwandishi wa fakhari angaliipita khabari hiyo kimya, au angalisema tu kuwa mzee alikufa vitani. Vivyo hivyo ile fitina ya baada ya mwaka 1835: si rahisi kwa mjukuu kuandika kuwa mlango aliopitia Sayyid Said ulifunguliwa kwa mifarakano ya walio ndani. Lakini ukiyaondoa hayo tarehe ya Wamazrui haifahamiki hata kidogo. Utabaki na orodha ya mashujaa walioshinda kila vita, na kisha bila ya sababu hawana mji.

Wala hakuwa na ukosefu wa sababu ya kuona uchungu. Ile Ngome waliyokaa wazee wake, Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895, na gereza ikabaki mpaka mwaka 1958. Yaani maisha yake yote tangu utoto, na miaka yake yote ya ukadhi, nyumba ya utawala ya babu zake ilikuwa ni mahali pa kufungia wezi, naye apita pale akiiona.

Mtu aweza kusema kuwa khabari za Mvita zilikuwa zimekwisha kuandikwa na Wazungu, kwa hiyo kulikuwa na haja gani. Ni kweli. Owen kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1833, na Mfaransa Guillain alichapisha chake Paris mwaka 1856, na ndani yake mna mengi ya kufaa, kwani watu hao nao waliwauliza wazee wa hapa na wakatazama maandishi ya hapa. Nami sipendi tabia ya kukitupa kitabu kwa sababu ya dini ya mwenye kukiandika. Lakini mgeni huandika aliyoyajia. Owen alikuja na shauri la bendera na la biashara ya watumwa, akayaona hayo. Nani alimuoa binti ya nani, kwa nini tumbo hili halikumwamini tumbo lile, mji wa Kilindini ulikuwa na neno gani na mji wa Mvita: mambo haya mgeni huyasikia kama makelele ya ndege, na ndiyo yaliyoupindua utawala.

Sasa niruhusuni niseme langu, kwani nisingependa kijana wetu adhani kuwa nazungumza kutoka mahali pa juu. Nyumbani kwetu kulikuwa na kasha la mti la babu yangu, limewekwa darini. Miaka kiasi ya ishirini iliyopita paa lilipokuwa likitengenezwa, mafundi waliniuliza makaratasi yale yaliyoliwa na mchwa wayafanyeje, nami nilikuwa nikitoka kwenda darsani, nikawaambia wayatupe. Sikuyatazama. Mimi ninayesoma maandishi ya Kiarabu tangu utoto, sikufungua hata moja. Baada ya miaka michache ikazuka daawa baina ya jamaa zetu juu ya kipande cha shamba: upande mmoja wasema ni wakfu wa msikiti, upande wa pili wasema ni mirathi. Shangazi yetu mmoja, aliyekuwa amekwisha kuwa mtu mzima sana, akasema kuwa hati ya wakfu ilikuwapo, aliiona kwa macho yake, ilikuwa ndani ya kasha la babu. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa hakuna ajuaye ila mke wangu. Watu wale mpaka leo hawazikani.

Na hili si la nyumba yetu peke yake. Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilipitisha sheria ya hati za ardhi katika pwani, ikamtaka kila mwenye kudai ardhi alete dai lake na uthibitisho wake. Ardhi isiyodaiwa au isiyothibitishwa ikawa ya Serikali. Sheikh al-Amin alikuwa kijana wa miaka kumi na saba wakati huo. Waliokuwa na khati za wazee wao wakasimama nazo. Waliokuwa na maneno tu, wengi wao walirudi mikono mitupu, na wajukuu wao wangali wakiitwa maskuota juu ya michanga walikozikwa babu zao. Sikusema kuwa karatasi ingaliondoa kila dhulma, kwani wako waliokuwa nazo na wasisikilizwe. Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ni aya ya kuandikiana, nasi tumeifanya ya kusomwa tu.

Jingine ni la hati zenyewe. Barua za babu zetu ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na vijana wengi leo hawazijui ila za Kilatini. Mtoto anaweza kushika mkononi barua ya babu yake, kwa lugha yake mwenyewe aliyonyonya kwa mamake, asiweze kusoma hata salamu. Hata ajuaye Qurani hukwama, kwa kuwa barua hazina irabu zote na herufi moja husimama mahali pa sauti mbili. Mwenye mzee nyumbani anayeweza kuzisoma na amkalishe leo, wala asingoje Ramadhani.

Turudi kwa Sheikh. Alikufa mwaka 1947, na umri wake ni miaka hamsini na sita, umri ambao wengi ndio kwanza huanza kuandika. Alikuwa ameshika pamoja hukumu, darsa, maandishi ya dini na tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili. Sehemu za tafsiri hiyo zilikuja kuchapishwa Nairobi tangu mwaka 1980. Kazi ya islahi ikaendelezwa na mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim al-Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu naye. Mmoja wa wanawe, Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne alipofiwa. Naye ndiye yule Profesa Ali Mazrui aliyejulikana ulimwenguni, akafa mwaka 2014. Yatima wa karatasi akaacha yatima wa karatasi. Na maisha ya baba na babu, yaani Sheikh al-Amin na Sheikh Ali bin Abdallah, yalipata mwenye kuyahifadhi pamoja na ya wanavyuoni wengine wa pwani, naye ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyefanya kwa ilimu ya Kishafii ya Afrika Mashariki kazi ile ile ya kupiga hodi nyumba kwa nyumba.

Kile kitabu cha tarehe ya Wamazrui kilibaki bila ya kuchapishwa muda mrefu. Fikirini: miaka arobaini na minane baada ya kufa mwenyewe, kitabu ni karatasi mikononi mwa watu, kama zile karatasi alizozitafuta yeye, na mchwa ni wale wale. Mwaka 1995 kikatoka Uingereza, kwa jitihada ya mtaalamu J. McL. Ritchie aliyekifasiri kwa Kiingereza na kukitilia maelezo, na kikachapishwa na chuo kikubwa cha wanazuoni wa nchi hiyo. Tunamshukuru kwa hilo, ingawa moyo wauma kidogo kuwa kitabu cha Mvita kimepita London kabla ya kufika Mvita.

Kijana wetu amesema ataleta kasha lake kikaoni Alkhamisi ijayo baada ya Isha. Anayejua kusoma khati za kale, khasa za Kiamu na Kimvita, tunamuomba ahudhurie, na aje na miwani yake. Wanaotaka kuleta makaratasi yao wenyewe na wayafunge kwa kitambaa cha pamba, wasiyatie katika mfuko wa plastiki, kwani unyevu huyaozesha. Na wasibandike gundi mahali palipochanika.